Sentensi Tatu za Mwalimu Ramani

Mwalimu wa jiografia ambaye hajawahi kuvuka mpaka hata mmoja ni kichekesho, na wanafunzi wake walikicheka kichekesho hicho kwa miaka ishirini na sita. Walimwita Ramani. Alikuwa akisimama ubaoni, chaki mkononi, akaanza kuichora dunia kutoka pembe ya juu kushoto huku uso ameugeuzia darasa, anauliza maswali, anamkemea aliyesinzia, na akifika chini kulia dunia imekamilika, hata vile visiwa vidogo ambavyo wengine huvisahau. Hapo lazima mmoja wa viti vya nyuma aulize, "Mwalimu, na kule umeshafika?"

"Nimefika kwa chaki," alijibu, na darasa likaangua kicheko. Naye alicheka nao, kisha akachukua kifutio.

Lakini si ramani zilizofanya kazi ya mikono yake ifike mbali. Ni barua. Kulikuwa na shirika moja lililochukua kila mwaka wanafunzi wachache wa sekondari kutoka nchi mbalimbali na kuwapeleka kusoma mwaka mzima katika nchi za baridi, nauli na malazi juu yake. Fomu ilitaka alama za mitihani, insha ya mwanafunzi mwenyewe, na barua ya mkuu wa shule. Mkuu wa zamani, mzee aliyeogopa kalamu kama paka anavyoogopa maji, ndiye aliyeanzisha mtindo: Ramani aandike, yeye asaini. Mzee akastaafu. Akaja mwingine, akahamishwa. Akaja huyu wa sasa, mama mchapakazi asiyekaa kitini hata dakika tano, na mtindo ukabaki palepale kama kabati la ofisini ambalo kila anayeingia analikuta na hakuna anayeuliza nani alilileta.

Ramani hakuandika barua kwa kukurupuka. Mwanafunzi akishachaguliwa kuomba, mwalimu alimfuatilia kwa wiki tatu bila mwenyewe kujua. Alimtazama anavyokaa na wenzake, anavyochukua maji bombani, anafanya nini mwalimu asipotokea. Alifika hadi nyumbani kwao, akajifanya anapita tu, akapewa kiti. Kisha aliandika, akafuta, akaandika tena. Alikuwa na sheria moja na aliishika kama dini: usiandike juu ya mtu neno ambalo lingeweza kuandikwa juu ya mtu mwingine yeyote. Mwalimu mmoja kijana aliwahi kumwonyesha barua aliyoitunga, imejaa "hodari", "mtiifu", "mwenye nidhamu", "anafika kwa wakati". Ramani aliisoma akairudisha. "Hii," alisema, "hata punda angeandikiwa."

Wanafunzi tisa walikwenda kwa barua zake. Mmoja sasa ni daktari wa macho, mwingine anajenga madaraja, wengine walirudi na wengine hawakurudi. Kila mmoja, siku ya kuagwa mbele ya shule nzima, alimshukuru mkuu wa shule kwa maneno mazuri aliyomwandikia. Ramani alikuwa amesimama kwenye mstari wa walimu akipiga makofi. Nimeuliza watu kama aliwahi kunung'unika hata siku moja. Wote wanasema hapana, na mimi nawaamini, lakini sijui kama ni jambo la kumsifia.

Shirika hilohilo lilikuwa na nafasi za walimu pia: muhula mmoja kufundisha katika shule ya kule, kuishi na familia ya mwalimu mwenzako, kisha kurudi. Ramani aliisikia habari hiyo mapema kuliko wote, na mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa mke wake, aliyekuwa fundi cherehani. Mke hakupoteza muda. Alinunua nyuzi nzito za kijivu na sindano mbili ndefu, akaanza kujifunza kufuma sweta, yeye ambaye maishani mwake alishona magauni na sare za shule tu. Joto lote lile, mtu kakaa barazani na rundo la sufu mapajani, jasho linamtiririka, majirani wanapita wanacheka.

"Mnacheka nini?" aliwaambia. "Mume wangu atakwenda kwenye theluji. Asije akaniaibisha mbele za watu kwa kutetemeka."

Sweta lilipokwisha, mkono wa kulia ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto kwa kama vidole vitatu. Mke aliutazama sana. "Huo ndio wa kuchorea," alisema. "Unahitaji nafasi." Mwaka huo huo akaanza kuumwa, na fomu ya Ramani ikabaki mezani haijajazwa. Aliugua miaka mitatu. Alipofariki, Ramani hakutaka tena kusikia habari ya kwenda popote. Akatoka darasani kwenda nyumbani, nyumbani kwenda darasani, miaka sita. Dada yake mkubwa, mjane mwenye ulimi mkali na moyo laini, alihamia kwake kumtunza, ndiye aliyekuwa akilitoa lile sweta kabatini kila baada ya miezi michache na kulianika ili lisiliwe na nondo.

"Hili litakuja kuvaliwa na mende," alikuwa akisema. "Jaza fomu bwana, uende ukashike hiyo theluji, urudi tupumue."

Mwaka aliotimiza hamsini na minne ndipo aliposoma masharti kwa makini na kuona mstari uliomshtua: mwalimu mwombaji asiwe amezidi miaka hamsini na mitano siku ya kusafiri. Alihesabu kwa vidole mara mbili. Ilikuwa mwaka huu au isiwe tena. Jioni hiyo alimwambia dada yake, na dada alipiga vigelegele peke yake jikoni mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Mwaka huo pia kulikuwa na msichana mmoja wa kidato cha tatu, binti wa fundi viatu mwenye kibanda karibu na hospitali. Huyu ndiye aliyenyoosha mkono siku moja, dunia imejaa ubaoni, akauliza, "Mwalimu, nani aliamua kwamba juu ni juu?" Ramani alichukua kifutio. Miaka ishirini na sita alikuwa hajaulizwa swali hilo. Akafuta ubao wote, akaichora dunia upya miguu juu kichwa chini, kengele ikalia hajamaliza, na hakuna aliyetoka.

Kwa hiyo alipoandika barua ya binti huyu aliiandika kwa roho yake yote. Alikuwa amepeleka kiatu chake kibandani, kimeachama mbele, na binti ndiye aliyekishona. Alipomaliza alimwambia mwalimu akivae, atembee hatua kumi kwenda na kumi kurudi, na akakataa katakata kumwachia aondoke mpaka azitembee, kwa sababu, alisema, kiatu kikiwa mkononi husema uongo. Hilo liliingia kwenye barua. Liliingia pia lile swali la juu na chini. Aliandika mara nne, Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu asubuhi mkuu wa shule akaisaini akiwa amesimama, mkono mmoja una simu sikioni.

Ndipo Ramani alipobaki amesimama mbele ya meza.

"Kuna nyingine?" mkuu aliuliza.

"Kuna yangu, Mkuu. Ile ya walimu. Nilikuwa naomba hii uiandike wewe."

Mkuu aliweka simu chini, akamcheka kwa upendo kabisa. "Mimi? Mwalimu Ramani, unataka usiende? Nikiandika mimi nitakuharibia. Wewe ndiye kalamu ya shule hii. Kaa uandike, jimwagie sifa zote unazozijua, usijionee huruma. Mimi nasaini hata nimefumba macho."

"Hata nusu ukurasa, Mkuu."

"Nitajaribu," alisema, na wakati anasema hivyo fundi wa paa alikuwa ameshasimama mlangoni, kwa sababu bweni la wasichana lilikuwa linavuja, na wakaguzi walikuwa wanakuja Alhamisi.

Ramani alingoja. Jumatano alipita tena ofisini, mkuu akasema, "Aa, barua yako! Sijasahau." Ijumaa saa tatu na nusu asubuhi karani wa shule alimfuata kwenye chumba cha walimu, mkononi ana bahasha.

"Mwalimu, mwisho wa kutuma ni leo saa sita. Mkuu anakwenda kwenye kikao sasa hivi. Anasema umwandikie haraka asaini kabla hajatoka. Gari liko tayari."

Hebu mtazame sasa. Mtu aliyewaandikia watoto wa wenzake barua tisa zilizofungua milango, amekaa na karatasi nyeupe. Katika nyumba aliyolelewa, mtoto akijisifu alitolewa nje akaambiwa akajisifie mbuzi. Na mara moja akiwa na miaka saba alitolewa kweli, akakaa na mbuzi mpaka chakula kikaisha. Alianza: "Mwalimu huyu huichora dunia bila kuitazama." Akaisoma, masikio yakamwaka moto. Akaikata. Aliandika, "Wanafunzi wanampenda." Nani kasema? Akaikata. Alifikiria kuandika habari ya barua tisa, kwamba kila mwanafunzi aliyekwenda kwao alikwenda kwa mkono wake, lakini barua hiyo ilikuwa itasainiwa na mkuu, na hizo tisa zilikuwa zimesainiwa na wakuu. Angekuwa anamwambia mkuu akiri kwa maandishi kwamba wakuu hawakuziandika. Nje dereva alipiga honi. Akaandika sentensi tatu. Mkuu alizisaini juu ya boneti ya gari, akamgonga bega, akasema, "Tutakukosa muhula mzima, mwalimu," akaondoka.

Mimi nasema kosa lilikuwa la mkuu. Nasema pia lilikuwa la Ramani, maana sheria aliijua, aliitunga mwenyewe. Lakini nikikumbuka ile honi nakosa hata wa kumlaumu.

Majibu yalikuja baada ya miezi miwili, yote mawili siku moja. La binti wa fundi viatu lilisomwa mbele ya shule nzima, na shule ikalipuka. Mkuu alilisoma kwa sauti mpaka mwisho, pamoja na mstari usemao: "Barua ya mkuu wa shule yako ndiyo iliyotufanya tutake kukufahamu." Wanafunzi walimpigia mkuu makofi. Naye alimtafuta Ramani kwa macho kwenye mstari wa walimu, akatabasamu, pengine kwa aibu kidogo.

La Ramani alilisoma mwenyewe, chumba cha ramani, mlango umefungwa. Walimshukuru kwa kuomba. Walisema insha yake iliwagusa sana na mpango wake wa masomo ulikuwa miongoni mwa mipango bora. Kisha wakaweka maoni ya waliopitia maombi, na ya mwisho yalikuwa haya: "Barua ya mkuu wa shule ni fupi mno na ya jumla. Inaelekea aliyeiandika hamfahamu mwombaji."

Aliyasoma mara nyingi. Halafu aliikunja karatasi, akaiweka mfuko wa shati, akaenda kufundisha kidato cha kwanza habari za mito.

Chumba cha walimu kilimpa pole. Walisema wale watu wanataka vijana, walisema kuna upendeleo, walisema mengi, naye akaitikia tu. Mkuu alikuja mwenyewe mpaka kwenye kiti chake. "Pole sana, mwalimu. Usivunjike moyo, mwakani jaribu tena." Mwakani hakukuwepo, na mkuu hakujua, kwa kuwa masharti hakuwa ameyasoma. Hakuuliza walisema nini. Ramani angeweza kuitoa ile karatasi mfukoni na kumpa aisome. Mkono ulifika mfukoni. Akamtazama yule mama, macho mekundu kwa uchovu, kiatu kimoja kina tope la bweni, akautoa mkono mtupu. "Ahsante, Mkuu," alisema. Aliumia, na aliumia zaidi kwa sababu hakuweza kumchukia.

Nyumbani dada yake hakusema neno siku mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Siku ya tatu alilitoa sweta kabatini, akalianika, akasimama anaangalia.

"Sasa hili tulifanyeje?" aliuliza.

Ramani aliugeuza ule mkono mrefu upande wa jua.

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, binti wa fundi viatu alikuja kuaga. Safari ilikuwa Jumanne. Alikuwa amevaa viatu vipya alivyoshona baba yake, vya ngozi nene, na alitembea navyo kwa heshima kama mtu aliyebeba yai. Alimwamkia dada mtu, akamwamkia mwalimu, akakaa kwenye ncha ya kiti. Dada alileta chai, akatoka nje kufagia uwanja uliokuwa umeshafagiliwa.

Mwalimu aliingia chumbani akarudi na sweta.

"Si zawadi," alisema. "Nakuazima. Liende, liione hiyo theluji, kisha ulirudishe. Limengoja sana."

Binti alilivaa palepale. Lilimmeza. Mkono wa kulia ulifunika vidole vyote, akacheka, akauinua juu. "Huu mbona mrefu?"

"Wa kuchorea," mwalimu alisema. "Mke wangu ndiye aliyelifuma."

Kicheko kilimwisha binti. Alikaa tena, ndani ya sufu nzito, na joto lile, jasho limeanza kumtoka usoni. Ilionekana alikuwa na neno tangu alipoingia.

"Mwalimu," alisema, "wamenitumia faili langu lote, ili niipe familia nitakayokaa nayo. Ile barua ya mkuu imo. Nimeisoma."

"Ni vizuri."

"Mkuu hajawahi kuleta kiatu kwa baba."

Mwalimu alichukua kikombe, akakirudisha bila kunywa.

"Zile hatua kumi," binti alisema, "ni wewe niliyekutembeza. Na siku ya lile swali mkuu hakuwepo darasani. Ni wewe uliyeandika."

"Mkuu alisaini."

"Najua alisaini. Nasema uliyeandika ni wewe." Akasogea mbele kitini. "Na wale wengine wote pia? Yule daktari wa macho?"

"Ni kazi ya shule, mwanangu. Kila mtu ana kazi yake."

Nje ufagio uliendelea, kisha ukasimama. Binti alikuwa anawaza, na Ramani aliujua uso huo; ndio uso aliokuwa nao siku alipouliza nani aliamua kwamba juu ni juu. Angependa kumzuia asifike anakokwenda, lakini hakuwahi kumzuia mwanafunzi anayefikiri.

"Basi na yako," binti aliuliza polepole, "aliandika nani?"

Mwalimu alitazama mikono yake.

"Uliandika nini, mwalimu?"

Zile sentensi tatu alikuwa anazijua kwa moyo. Alizisema bila kuinua macho, kwa sauti ileile anayoitumia kusoma majina darasani asubuhi. "Mwombaji ni mwalimu wa jiografia katika shule hii kwa miaka ishirini na sita. Anafika kazini kwa wakati. Hana kosa lolote la kinidhamu."

"Basi?"

"Basi."

Binti alimtazama mwalimu wake, machozi yakaanza kumshuka, hakuyaficha.

"Ungeniambia, mwalimu," alisema. "Mimi ningekuandikia."

Alijifuta uso kwa mkono wa sweta, ule mrefu, na mwalimu akamsogezea chai yake kabla haijapoa.